Mtalaka Atamfunda Nini Mwari?

Siku ya kichen pati yangu, mwaka 2018, mama yangu mzazi alikaa safu ya tatu kutoka mlangoni, karibu na feni bovu. Alivaa sare kama wageni wengine, ile ya zambarau na dhahabu, na kilemba alikifunga vizuri kabisa. Ungemwona ungedhani ni jirani yetu wa zamani aliyealikwa kwa heshima tu. Aliyekaa pembeni yangu kule mbele, akanishika mkono, akanifunika khanga na kunifunda mbele ya wanawake mia na ushee, alikuwa shangazi.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Ilipangwa kwenye kikao, na mimi nilikuwepo.

Mliowahi kukaa kwenye kamati za harusi hapa Dar mnayajua mambo yake. Mwenyekiti, mweka hazina, daftari la michango, soda, na maneno. Kikao cha nne hivi, tulipofika kwenye ajenda ya nani awe somo na nani ashike kipaza sauti, shangazi yangu mkubwa akasema taratibu, kama mtu anayetoa wasia: "Jamani tusifichane. Wifi yetu tunampenda, lakini mtalaka atamfunda nini mwari? Yake yalimshinda."

Kimya kidogo. Kisha mmoja akasema kweli, mwingine akasema hiyo nuksi, wa tatu akauliza kama ukumbi umeshalipiwa. Mimi nilikuwa nimeinama naangalia simu. Hakukuwa na ujumbe wowote. Nilikuwa naangalia tu.

Mwenzenu ni mhasibu. Kutwa nabishana na mameneja kuhusu fedha zisizo zangu na sauti haitetemeki. Lakini siku ile nilishindwa kusema maneno manne tu: "Ni mama yangu huyo."

Usiku nikampigia simu Tanga. Nilizunguka weee, mara ukoo, mara mila, mara shangazi ndiye mkubwa. Mama hakunisubiri nimalize.

"Sawa mwanangu," akasema. "Sare ni rangi gani?"

Sanduku la bati

Hebu nirudi nyuma kidogo. Wazazi wangu waliachana mwaka 1999, mimi nikiwa na miaka 9. Baba alikuwa karani bandarini Tanga, mama mwalimu wa shule ya msingi. Nilirudi shule mchana mmoja nikakuta mama anafunga mizigo. Alitoka kwa baba na godoro moja, jiko la mchina na sanduku la bati lililobebwa na vijana wawili huku wanaguna. Nilidhani limejaa vyombo. Kumbe vitabu.

Akapanga chumba kimoja Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Sanduku likawa meza, likawa kiti cha mgeni, na likifunguliwa likawa ndiyo maktaba yenyewe. Kulikuwa na Hekaya za Abunuwasi, Alfu Lela u Lela, na Mashimo ya Mfalme Sulemani lisilo na jalada. Kulikuwa na riwaya za Muhammed Said Abdulla, zile za Bwana Msa mpelelezi wa Unguja. Chini kabisa, chini ya vitenge, kulikuwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ambayo mama aliificha nisiione, nami bila shaka niliiona. Na kulikuwa na Shaaban Robert. Kwetu Tanga huyo si mwandishi wa mitihani tu, ni mtu wa nyumbani. Alizaliwa mwaka 1909 kijiji cha Vibambani, karibu na mji wetu, na alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha vitabu ambavyo walimu kama mama walivishika kama mali.

Kila kitabu mama alikivalisha jalada la kaki, lile lile tulilofungia madaftari ya shule, na jina akaliandika juu kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa ubaoni.

Lakini mimi sikuhamia Ngamiani. Na hapa ndipo inaponiuma.

Shauri lao lilipita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, maana ndivyo inavyotaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kisha likafika mahakamani. Sheria hiyo, kifungu cha 125, inachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 ni kwa faida yake akae na mama, mpaka ionekane vingine. Akivuka hapo, kama ana umri wa kujieleza, na matakwa yake yanatazamwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 4, akaenda na mama bila mjadala. Mimi nilikuwa na 9. Nikaulizwa.

Hakimu alikuwa mpole kweli. Akaniita karibu na meza, akaniuliza nasoma darasa la ngapi, halafu akaniuliza ningependa kukaa na nani. Nikasema, "Kwa baba."

Ukiniuliza sababu nitakwambia ukweli, wala hautafurahisha. Kwa baba kulikuwa na televisheni na deki. Chumba cha mama hakikuwa na umeme.

Tulipotoka nje, mama aliniweka kola ya sare vizuri, akanifuta vumbi begani. "Ijumaa nitakuja kukuchukua," akasema. Basi.

Ijumaa hadi Jumapili

Kwa hiyo utoto wangu na mama ulikuwa wa wikiendi. Ijumaa jioni ananichukua, Jumapili baada ya alasiri ananirudisha mpaka kona ya kwa baba, anasimama pale hadi niingie geti. Katikati ya siku hizo kulikuwa na taa ya chemli na vitabu.

Alisoma kwa sauti, sisi wawili tumelala kifudifudi kwenye godoro. Akifika kwa Bwana Msa anaweka penseli mdomoni iwe kiko, anatukazia macho kama anayetushuku kuiba. Abunuwasi alimpa sauti ya kung'ong'ona, ya yule kinyozi wa mtaani kwetu, na tulicheka mpaka mwenye nyumba agonge ukuta. Mwalimu yule aliyeogopwa na shule nzima! Nyumbani kwa baba nilikuwa na picha za Kihindi nilizozipenda, lakini Jumatatu shuleni nilichowasimulia wenzangu kilikuwa cha kwenye sanduku.

Kitabu nilichokitaka kila wiki kilikuwa Adili na Nduguze. Kama ulikisoma zamani ukasahau, ni hadithi ya mtawala mwema anayeitwa Adili. Mjumbe wa mfalme anafika kwake kukusanya kodi, na usiku anaona jambo la ajabu: Adili ana nyani wawili ndani, anawacharaza viboko, akimaliza anawakumbatia na kulia. Baadaye tunaambiwa wale nyani ni ndugu zake wa damu. Walimtosa baharini kwa wivu, jini aitwaye Huria akamwokoa, akawageuza wale ndugu kuwa nyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Mimi nilikuwa sivutiwi na bahari wala majini. Nilivutiwa na viboko. Nikamuuliza mama, "Kama ni ndugu zake na anawapenda, kwa nini anawapiga?"

"Ameamriwa na jini. Asipowapiga, atapigwa yeye."

"Sasa mbona analia?"

"Si ndugu zake?"

Akafunga kitabu, akapunguza utambi wa chemli. Nililala nikiwaonea huruma nyani, na sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa mtoto.

Kwa baba mambo yalikuwa mengine. Baba mwenyewe hakuwa msemaji, lakini nyumba ilikuwa na wageni, na wageni walikuwa na midomo. Nilisikia kwamba mama ana kiburi cha kusoma. Nilisikia kwamba mwanamke anayelala na kitabu hawezi kuweka nyumba. Nilisikia kwamba na mimi nikiangaliwa vibaya nitafuata nyayo zake. Walisema hayo huku wananisuka nywele, kama vile kichwa wanachosuka hakina masikio.

Nikienda Ngamiani nikawa nasubiri mama naye ajibu. Niliyataka majibu hayo, nisikufiche. Nilitaka anipe kosa la baba nikarudi nalo mfukoni. Lakini mama maneno yake kuhusu baba yalikuwa matatu au manne tu, yale yale, mwaka hadi mwaka. Baba yako hajambo? Umemwamkia leo? Msalimie.

Unajua nilichofikiri? Nilifikiri ni udhaifu. Nikiwa sekondari nilifikiri labda wanayosema ni kweli, ndiyo maana hana la kujibu. Mtu akinyamaza sisi tunamjazia maneno, na kwa kawaida tunamjazia ya adui zake.

Zawadi iliyochekwa

Sasa turudi ukumbini, 2018. Shangazi kanifunda vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema ya usafi, ya ulimi, ya kumpokea mume akirudi, na katikati akasema haya si yake, ni ya tangu enzi za Mwana Kupona. Wanawake wakapiga vigelegele.

Miaka baadaye ndipo nilipokaa na utendi ule wa Mwana Kupona na habari zake nikausoma kwa utulivu. Aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Na mwaka ule hakuwa na mume. Bwana Mataka wa Siyu alikuwa ameshafariki mwaka 1856. Kwa hiyo wasia maarufu kuliko wote wa ndoa katika Kiswahili, ambao masomo wanauchota mpaka leo, ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa analala peke yake. Najua shangazi angenijibu nini: "Mjane si mtalaka." Sawa. Lakini ningekuwa najua siku ile ya kikao, walau ningeinua kichwa kutoka kwenye simu.

Ukafika wakati wa zawadi. Mshereheshaji alikuwa mcheshi, ukumbi mzima uko mkononi mwake. Jiko la gesi, shangwe! Blenda, shangwe! Seti ya sufuria, wanawake wanainuka wanacheza. Akamfikia mama. Mama akatoa kifurushi kidogo cha bapa, akakabidhi kwa mikono miwili. Mshereheshaji akakifungua palepale, akakiinua juu.

"Mama bibi harusi ametuletea kitabu!" Akakigeuzageuza. "Tena cha zamani, kina kaki! Bibi harusi, leo utapika karatasi?"

Ukumbi ukacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha kwenye sherehe. Mama naye akatabasamu, akarudi kwenye kiti chake cha karibu na mlango.

Na mimi nilitabasamu. Nina picha. Mpiga picha alinipata vizuri kabisa, meno yote nje.

Usiku wake nilikifungua. Adili na Nduguze, lile lile la Ngamiani, kurasa zimekuwa za rangi ya chai, na alama ya mafuta ya taa kwenye jani la kwanza. Hakuandika chochote ndani. Nikaliweka chini ya televisheni pamoja na albamu, likakaa hapo miaka sita.

Nyani wangu

Mume wangu si mtu mbaya. Naanza hivyo kwa sababu kipindi ninachokisimulia nilikuwa siwezi kuisema sentensi hiyo.

Mwaka 2024 tulikuwa tunadunduliza fedha za kiwanja Kibaha. Mimi naweka, yeye anaweka, akaunti moja. Siku moja nikaenda kuangalia salio, nikakuta shilingi milioni 4 hazipo. Alimpa kaka yake kwenye biashara, bila kuniambia. Alipanga zirudi kabla sijajua. Hazikurudi.

Kukasirika ilikuwa haki yangu, sijutii. Nilisema yangu, akaomba radhi, tukakubaliana fedha zitarejeshwaje. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kawaida ya watu wawili na akaunti moja. Lakini mimi sikuishia hapo. Mimi nilipata nyani.

Kila jioni nikitoka kazini, kabla yeye hajarudi, nilikuwa naanza. Nakata vitunguu naongea. Namwogesha binti yetu naongea. Alikuwa na miaka 5. "Muulize baba yako." "Baba yako na maneno yake." "Usiwe mwongo kama baba yako." Sikupiga kelele. Nilikuwa naongea kwa sauti ya kawaida tu, hata na kicheko kidogo, na kila usiku nililala nimechoka zaidi kuliko jana yake. Mengine nilimwambia shosti wangu kwa simu, mtoto kakaa pembeni anachora. Si unajua tunavyojidanganya kwamba watoto hawasikii?

Jioni moja mume wangu akaingia, mtoto akamkimbilia mlangoni kama kawaida yake. Akamshika mguu, akamtazama juu, akamuuliza kwa upole kabisa: "Baba, wewe ni mwongo?"

Sikumwona mtu mzima akishindwa kujibu namna ile. Alikaa palepale kwenye kiti cha viatu. Hakunitazama. Na mtoto hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu, kama anavyouliza kwa nini samaki hafumbi macho.

Wiki hiyo mama alikuwa amekuja kliniki ya macho, amefikia kwangu. Alisikia. Hakusema kitu. Baada ya chakula alikwenda pale kwenye televisheni, akainama, akapangusa vumbi kwenye kaki kwa upindo wa khanga, akamwita mjukuu wake.

Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikasikia sauti ya Ngamiani. Imekuwa nyembamba, imepata kikohozi, na miwani inamfanya asimame katikati ya mstari, lakini ni ile ile. Akasoma mpaka kwa yule mjumbe, mpaka kwenye usiku, mpaka kwenye viboko. Na nikajua swali litakuja.

"Bibi, kwa nini anawapiga?"

"Ameamriwa na jini, mama. Asipowapiga, atapigwa yeye."

Kimya. Halafu yule mtoto, kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilifika mpaka kwenye karai langu: "Bibi, mama naye ana jini?"

Nilishika kingo za sinki. Kule sebuleni mama alikohoa, au alicheka, sijui. Akasema, "Mama amechoka tu. Tuendelee, hawa nyani bado wana safari."

Tukichambua mchele

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Tulikaa mimi na mama na sinia la mchele katikati yetu, tunachambua. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuliuliza.

"Mama, kwa nini hukuwahi kumsema vibaya baba?"

"Nani kakwambia sikumsema?" Hakuinua macho kwenye sinia. "Nilimsema sana. Nilimsema mpaka nikaisha maneno. Nilimsemea kwa dada yangu, Muheza, mlango umefungwa."

"Kwangu mbona hukusema?"

Akatoa jiwe, akalitupa. "Wewe ulikuwa na baba mmoja tu. Ningekuharibia huyo, ningekupa wapi mwingine?"

Basi nikalia, mwenzenu. Nikamwambia na ya kikao. Nikamwambia ya shangazi, ya "yake yalimshinda", ya mimi kuangalia simu. Nikamwambia na ya mahakamani, kwamba ilikuwa ni deki tu. Yaani nilimwaga vyote, cha miaka 25 na cha miaka 6, kwenye sinia moja.

"Ya deki nilijua," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu miaka kumi na moja, mtoto wa miaka 9 namjua. Na ya kikao nilijua. Shangazi yako alinipigia kabla yako."

"Sasa mbona uliniuliza rangi ya sare?"

Hapo ndipo akanitazama. "Kwa sababu nilikuwa nakuja. Ulifikiri nisingekuja?"

Nimeyageuza sana maneno hayo. Mara mbili katika maisha yangu nilimwacha mama yangu nyuma mbele ya watu, na mara mbili hakunigeuza nyani. Hakunihesabia kila wikiendi. Hakuniambia, "Wewe uliyenikataa mahakamani." Angeweza. Mzazi ana silaha hiyo, na mtoto hana ngao. Kile nilichokiita udhaifu kilikuwa kazi, ya kila siku, isiyo na shahidi wala mshahara, ya kushika mkono wake mwenyewe usiinue kiboko.

Mwisho wa Adili na Nduguze wale ndugu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu. Utotoni nilidhani ni furaha ya nyani. Siku hizi nafikiri aliyepumzika zaidi ni Adili.

Msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi mwanamke anyamaze. Kama kuna kipigo, sema, tena sema kwa wanaoweza kusaidia: ndugu, baraza, polisi, mahakama. Na anayedanganywa fedha zake adai, nami nilidai. Ninachosema ni kwamba mama yangu alijua tofauti ambayo mimi na elimu yangu sikuijua, kati ya kumwambia mwenye kosa na kumwambia mtoto wa mwenye kosa. Yule wa kwanza anaweza kulipa. Huyu wa pili anabaki nalo tu, anakwenda nalo mlangoni kuuliza.

Wala sisemi talaka ni jambo jepesi. Kitu fulani kilivunjika katika nyumba ile ya Tanga na mpaka leo sijaambiwa ni nini, nimeacha kuuliza. Mdogo wangu ana maumivu yake ambayo si yangu kuyasimulia. Lakini mashangazi walisema yalimshinda. Mimi nasema ndoa ilimshinda, ndiyo, kama inavyowashinda wengi. Mengine yote hayakumshinda.

Usiku ule wa Jumamosi nilimwambia mume wangu, mtoto yupo, anasikia: "Nilisema maneno mabaya juu yako. Si ya kweli yote. Nisamehe." Yeye akasema la kwake. Binti yetu akauliza kama sasa anaweza kuwasha katuni. Fedha zinarudi polepole, laki mbili mbili, na kiwanja bado. Kuna siku bado ulimi unaniwasha, hasa nikipita Kibaha. Siku hizo nampigia dada wa rafiki yangu, mtu mzima, na mlango naufunga.

Mwaka jana mtoto wa shangazi yule yule alikuwa anaolewa. Nikawekwa kwenye kamati. Ajenda ya wasemaji ilipofika nikaomba mama apewe dakika tano. Kulikuwa na mabishano, nisikudanganye, na neno mtalaka lilitajwa tena. Safari hii simu yangu ilikuwa kwenye pochi. Nikasema, "Ni mama yangu huyo." Shangazi akanitazama muda mrefu. Dakika hawakumpa. Kiti cha meza ya mbele wakampa, na mama alipoambiwa akauliza rangi ya sare.

Zawadi nilikwenda kuinunua Samora, kwenye duka la vitabu la TPH. Chapa mpya, karatasi nyeupe, inanukia. Nyumbani nikaifunga jalada la kaki, na binti yangu akaandika jina juu kwa kalamu ya wino, herufi zake zinapanda mlima.

Ukumbini mshereheshaji akaifungua, akaiinua juu. "Jamani! Kitabu!"

Ukumbi ukaanza kucheka. Safari hii sikutabasamu. Nikainuka, nikanyoosha mkono, nikaomba kipaza sauti.